Vitabu vya Filamu, Maigizo, Muziki na Usimulizi: Yanayosemwa na Yaliyoandikwa

Katika kumbi za mazoezi za Nairobi, kuanzia vyumba vya kukodi vya River Road hadi Ukumbi wa Kitaifa wa Maigizo, kuna vitabu vinavyotajwa kila siku na watu ambao hawajawahi kuvifungua. Mwongozaji hurudia alichosikia kwa mwalimu wake, naye mwalimu alikisikia warshani, na mwishowe kitabu husemeshwa jambo ambalo mwandishi wake angelikana. Kwa kuwa wasanii chipukizi huniuliza mara kwa mara wasome nini, nimeona afadhali nipendekeze vitabu kwa njia hii: niweke yanayosemwa kuvihusu, kisha yaliyomo.

Dhana potofu: Stanislavski, mwalimu wa uigizaji wa Urusi, aliagiza mwigizaji akumbuke msiba wake ili aweze kulia jukwaani.

Dhana hii ndiyo iliyoumiza watu zaidi, kwani wapo waigizaji vijana wanaolazimishwa kufukua machungu ya nyumbani kwao mbele ya kundi zima, ati kitabu ndicho kilichosema. Kitabu chenyewe, *An Actor Prepares*, kilichotoka Marekani mwaka 1936, kina sura 16, na kumbukumbu ya hisia imepewa moja tu. Nyingine zinashughulikia vitendo, ubunifu, umakini, kulegeza misuli na mengineyo. Katika zoezi moja linalofaa kusomwa polepole, mwanafunzi anatakiwa kuhesabu pesa ambazo hazimo mkononi mwake. Anazihesabu harakaharaka, kama tunavyofanya sote tukijua kwamba hakuna kitu. Mwalimu anamsimamisha na kumrudisha kwenye kila kitendo kidogo cha vidole, hadi hewa aliyoishika ianze kuwa noti. Imani humjia kupitia mikono, na hisia hufuata nyuma yake.

Upotoshaji ulitokana na historia ya uchapishaji. Stanislavski alikusudia kazi ya nafsi na kazi ya mwili zisomwe kama jambo moja, lakini kwa Kiingereza sehemu ya pili, *Building a Character*, inayohusu sauti, matamshi, mwendo na mahadhi, ilitoka mwaka 1949, miaka 13 baada ya ile ya kwanza na miaka 11 baada ya mwandishi kufariki. Wasomaji wengi walikuwa wameshaijenga shule yao juu ya nusu ya mafunzo. Tafsiri ya Jean Benedetti ya mwaka 2008, *An Actor's Work*, imeziunganisha sehemu hizo, na kwa mwenye uwezo wa kununua kimoja tu, ningemshauri achukue hicho.

Dhana potofu: Aristotle aliweka sheria ya umoja wa tukio, wakati na mahali.

Sheria hiyo hudai kwamba mchezo uwe na tukio moja kuu, mahali pamoja, ndani ya siku moja. Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki, alisisitiza umoja wa tukio peke yake. Kuhusu wakati alieleza tu kwamba tanzia hujitahidi kukaa ndani ya mzunguko mmoja wa jua au kuzidi kidogo, na kuhusu mahali hakuweka sharti lolote. Aliyezifunga zote tatu kuwa sheria ni Mwitaliano Lodovico Castelvetro, mwaka 1570. Kitabu cha Aristotle, *Poetics*, ni chembamba, kwa hiyo hakuna udhuru wa kutokisoma.

Dhana potofu: Joseph Campbell aliandika mwongozo wa kutunga filamu.

*The Hero with a Thousand Faces*, cha mwaka 1949, ni utafiti unaolinganisha visasili vya mataifa mbalimbali. Hatua za safari ya shujaa, anayeondoka nyumbani na kurudi akiwa amebadilika, zinazobandikwa ukutani na waandishi wa miswada ya filamu, zilienezwa na Christopher Vogler, aliyeandika waraka mfupi akifanya kazi Disney mwaka 1985, kisha akaupanua kuwa kitabu mwaka 1992. Anayetaka fundisho la utunzi amsome Vogler, au Syd Field aliyemtangulia mwaka 1979, lakini asidhani kwamba mpango huo unatosha hadithi zote. Sungura wetu harudi nyumbani akiwa mtu mpya. Anarudi akiwa ameshiba.

Dhana potofu: Uhariri wa filamu ni suala la kujua programu ya kompyuta.

Mhariri Walter Murch alitoa mhadhara mwaka 1988 ambao baadaye ulizaa kitabu kidogo, *In the Blink of an Eye*. Anataja vigezo sita vya kuamua mahali pa kukata picha na kuvipa uzito: hisia asilimia 51, hadithi 23, mahadhi 10, mahali jicho la mtazamaji lilipo 7, kisha mpangilio wa picha kwenye skrini 5, na mwendelezo wa nafasi halisi 4. Yale yanayowakosesha usingizi wanafunzi wetu, kwa mfano kama kikombe kimebaki mkono uleule, yanaangukia mkiani mwa orodha hiyo. Murch anasimulia pia kazi ya *Apocalypse Now*, ambayo ilikuwa na zaidi ya saa 230 za picha zilizopigwa, yaani dakika 95 zisizoonekana kwa kila dakika moja iliyobaki kwenye filamu. Programu zimebadilika mara nyingi tangu wakati huo, na hesabu yake ya vigezo bado inatumika.

Dhana potofu: Kwa Kiswahili hakuna cha kusoma kuhusu sanaa hizi.

Shaaban Robert aliandika *Wasifu wa Siti binti Saad*, maisha ya mwimbaji wa Unguja aliyesafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na mwanamuziki yeyote wa Nairobi anayelalamika kwamba sanaa haiheshimiwi atajiona humo. Penina Muhando na Ndyanao Balisidya walitoa *Fasihi na Sanaa za Maonyesho* mwaka 1976. Kwa istilahi na uchambuzi, *Kichocheo cha Fasihi* cha K. W. Wamitila cha mwaka 2003 kingali kinafaa, hata nje ya darasa. Pengo la kweli liko upande wa filamu, ambako hata kitabu kizuri kuhusu watazamaji wa sinema katika miji ya Tanzania, *Reel Pleasures* cha Laura Fair cha mwaka 2018, kimeandikwa kwa Kiingereza.

Dhana potofu: *Decolonising the Mind* cha Ngũgĩ wa Thiong'o ni cha wanariwaya pekee.

Kitabu hicho cha mwaka 1986 kina sura nne, na ya pili ni ya maigizo moja kwa moja. Inaeleza jinsi watu wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, mwendo mfupi kutoka Nairobi, walivyojenga jukwaa la wazi kwa mikono yao, wakaupitia mswada wa mchezo wa *Ngaahika Ndeenda* na kusahihisha namna wahusika wazee wanavyozungumza, huku mazoezi yakifanyika mbele ya yeyote aliyetaka kutazama. Mchezo ulianza kuonyeshwa tarehe 2 Oktoba 1977 na ukapigwa marufuku Novemba hiyohiyo. Ngũgĩ alitiwa kizuizini mwisho wa mwaka, na ukumbi ukabomolewa mwaka 1982. Mwongozaji anayetafuta mbinu za kufanya kazi na jamii atafaidika na sura hiyo kuliko na vijitabu vingi vya warsha.

Dhana potofu: Fanani (msimulizi) hodari huhifadhi hadithi neno kwa neno.

Fanani wenyewe husema hivyo, na ndiyo maana dhana hii ni ngumu kuiondoa. *The Singer of Tales* cha Albert Lord, cha mwaka 1960, kinatokana na rekodi alizokusanya pamoja na Milman Parry nchini Yugoslavia katika miaka ya 1930. Waimbaji waliapa kwamba hawabadilishi hata neno, ilhali rekodi zilionyesha tofauti kila walipoimba upya. Mmoja wao, Avdo Međedović, asiyejua kusoma wala kuandika, alisikilizishwa utenzi mgeni kwake wenye mishororo 2,294, kisha papo hapo akauimba kwa mishororo 6,313, akiongeza mapambo na mawazo ya wahusika. Alikuwa akitunga huku akiimba, kwa kutumia mafungu ya maneno na matukio aliyoyazoea.

Hapa inafaa kuongeza vitabu viwili vinavyogombana. Ruth Finnegan, katika *Oral Literature in Africa* cha mwaka 1970, alitilia shaka kuwepo kwa tendi simulizi, yaani mashairi marefu ya mashujaa, zilizoenea barani, naye Isidore Okpewho akamjibu mwaka 1979 kwa *The Epic in Africa*. Asomwe Finnegan kwanza kwa upana wa mifano yake, kisha Okpewho kwa hoja zake, ambazo kwa maoni yangu zina nguvu zaidi. Cha Finnegan kilitolewa upya mwaka 2012 na kinasomwa bure mtandaoni. Cha Okpewho kitafutwe maktabani, au kwa wauza vitabu vya mitumba katikati ya jiji.