Matatizo ya hisia na tabia kwa watoto wenye ugumu wa lugha

Mwalimu wa chekechea anasema: "Kabla hujachukua uji, weka daftari mezani halafu unawe mikono." Watoto wanatii, ila mmoja anakwenda moja kwa moja kwenye sufuria. Anaitwa mkaidi, pengine anachapwa. Huenda katika maelezo yote hayo alidaka neno "uji" tu.

Mtoto mwenye ugumu wa lugha anaachwa nyuma na wa rika lake katika kuelewa maneno au kupanga sentensi, na mara nyingi masikio yake ni mazima. Tafiti za Marekani na Uingereza zilikuta hali hii kwa watoto kama 7 katika kila 100 wanaoanza shule. Kulelewa kwa lugha mbili hakuileti. Ikiwepo, huonekana katika lugha zote mbili.

Tunaposema matatizo ya tabia, tuna maana ya kupiga, kuuma, kuangua hasira, kukaidi. Ya hisia ni hofu, huzuni, kujitenga. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2013 ulionyesha kuwa watoto hawa huyapata takribani mara mbili ya wenzao.

Sababu zinaeleweka. Aliyenyang'anywa mwanasesere akashindwa kusema "bado ni zamu yangu" atatumia meno. Tena lugha ndiyo mtoto anayojizuia nayo: wa miaka minne utamsikia akijisemea "ngoja, ngoja" anaposubiri bembea. Asiye na maneno hayo hana cha kumtuliza. Wenzake nao humchoka, wakamtenga, na michezo ambayo ingemfundisha kuongea ikampita.

Wanaonisikitisha zaidi ni wale wakimya. Hawasumbui mtu, husifiwa kwa adabu, na miaka inakwenda.

Uchambuzi mwingine, wa 2014, ulihusu watoto waliokwisha kutambuliwa kuwa na matatizo ya hisia na tabia, bila yeyote kushuku lugha yao. Walipopimwa, wapatao wanne katika kila watano walikuwa na upungufu wa lugha, japo mdogo. Kwa hiyo mtoto akiitwa mtukutu kila siku, apimwe masikio kwanza, kisha aonwe na mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha, akipatikana. Wakati huohuo mpe agizo moja moja, huku ukionyesha kwa mkono, na umsemee anachohisi: "Umekasirika, amechukua gari lako." Halafu msubiri ajibu, hata akichelewa.