Bastola ya kulengea shabaha: anza na .22

Bastola ya kujilinda na bastola ya kulengea shabaha ni vitu viwili. Matatizo mengi ya wanafunzi wangu yanaanzia hapo. Mtu anataka kuja renji, yaani uwanja wa kufyatulia, Jumamosi kutoboa karatasi na kuburudika, lakini dukani anauziwa kibastola cha milimita 9 kilichoundwa kufichwa kiunoni. Nafundisha kulenga kwa bastola hapa Ohio, Marekani, na siku hizi darasani Waswahili si wachache: Wakenya, Watanzania, na Wakongo waliohamia Columbus na Dayton. Wengi wanafika silaha imeshanunuliwa. Leo naandika kwa ajili ya wale ambao pesa bado iko mfukoni.

Ukiniuliza, nitakwambia ununue bastola ya nusu-otomatiki (inayojipakia yenyewe kila ukifyatua) ya kaliba .22, yaani unene wa risasi wa kama inchi 0.22, ya ukubwa kamili, nzito, yenye mtutu uliokazwa usiosogea na triga (kifyatulio) laini. Wanaume wengi hununa nikiwaambia hivyo, wakidhani nawapa silaha ya watoto. Basi nieleze.

Risasi ya .22 Long Rifle ilianza kutengenezwa mwaka 1887 na mpaka leo ndiyo inayofyatuliwa sana kwenye renji za Marekani. Kichwa chake, kile kinachoruka kwenda kwenye shabaha, kina uzito wa gramu 2.6 hivi, wakati cha milimita 9 kina gramu saba na nusu hadi nane. Tofauti hiyo mkono unaihisi kama teke. Teke lenyewe haliumizi mtu, shida ni kwamba mwili unalikumbuka. Baada ya kufyatua mara chache, mikono inaanza kujikaza kabla ya mlio, kifundo cha mkono kinasukuma chini, jicho linafumba. Ukitumia mkono wa kulia utaona matundu yako yanajikusanya chini kushoto mwa karatasi, nawe utalaumu vilengeo, vile vya juu ya bastola unavyolengea. Dawa ninayotumia ni kuchanganya risasi za kweli na za bandia kwenye magazini (kibebeo cha risasi) bila mwanafunzi kujua mpangilio. Ikifika ya bandia, bastola haisemi kitu lakini mdomo wa mtutu unainama wenyewe, na kila mtu pale renji anauona. Kuondoa tabia hiyo ni kazi ya miezi. Mtu aliyeanza na .22 mara nyingi haipati kabisa.

Kama unadhani .22 ni ya wanaoanza tu, nenda Camp Perry, kambi ya jeshi hapa Ohio ufukweni mwa Ziwa Erie, karibu na mji wa Port Clinton. Mashindano ya taifa ya kulenga shabaha yamekuwa yakifanyika pale tangu 1907. Mchezo wa asili wa bastola huko huchezwa kwa mkono mmoja, yadi 50 na yadi 25. Shindano kamili lina pointi 2700, na pointi 900 za mwanzo ni za .22 peke yake. Una dakika kumi za kufyatua risasi kumi polepole, kisha risasi tano kwa sekunde 20, kisha tano kwa sekunde 10. Kwenye Olimpiki nako, bastola ya mita 25 ni ya .22 kwa wanaume na kwa wanawake, na wanaume katika hatua ya mwisho ya mchujo wanafyatua risasi tano kwenye shabaha tano ndani ya sekunde nne. Hakuna mtoto hapo.

Sasa tuingie ndani ya chuma, maana hapa ndipo wauzaji wengi wanapita haraka.

Nguvu ya .22 ni ndogo kiasi kwamba bastola haihitaji kufuli ya kufunga chemba, yaani tundu la nyuma ya mtutu inamokaa risasi. Baruti ikiwaka, ganda linasukuma bolti, kipande cha chuma kinachoziba nyuma ya mtutu, kurudi nyuma, na uzito wa bolti pamoja na springi vinaichelewesha mpaka kichwa cha risasi kimeshatoka. Wakati wote huo mtutu umetulia. Kwenye bastola za kampuni ya Ruger za jamii ya Mark, mtutu umekazwa kwenye bomba la chuma na bolti inakimbia ndani ya bomba hilo. Vilengeo vyote viwili viko juu ya sehemu hizo zisizosogea. Ulichokilenga na mahali mtutu unapoelekea haviachani kamwe, iwe risasi ya kwanza au ya elfu tano.

Bastola nyingi za milimita 9 haziwezi kufanya hivyo kwa sababu shinikizo ni kubwa mno. Zinatumia ubunifu wa John Browning, mbunifu wa silaha wa Kimarekani: mtutu na slaidi (chuma cha juu kinachoteleza) vinarudi nyuma vikiwa vimeshikana, halafu sehemu ya nyuma ya mtutu inashuka, vinaachana, slaidi inaendelea kulitoa ganda. Kila unapofyatua, mtutu umeondoka mahali pake na kurudi, na vilengeo viko juu ya slaidi, wala haviko juu ya mtutu. Bastola iliyotengenezwa vizuri hurudi pale pale. Ya bei rahisi hurudi karibu na pale, na hiyo "karibu" unaiona kwenye karatasi ikiwa yadi 25.

Kitu cha pili ni umbali kati ya kilengeo cha nyuma na cha mbele. Hesabu yake ni ya shule ya msingi. Ukikosea kupanga kilengeo cha mbele kwa milimita moja kwenye bastola fupi yenye sentimita 15 kati ya vilengeo, mita 25 mbele risasi itapotoka kwa sentimita 16 na ushei. Kwenye bastola ndefu yenye sentimita 24, kosa lile lile linakugharimu sentimita kumi na kidogo. Wenye mikono ya kutetemeka, na sisi wote inatetemeka, tuchukue ndefu. Mtutu wa inchi tano na nusu ni mahali pazuri pa kuanzia.

Nimeiacha triga nyuma kwa makusudi, kwa kuwa ningekuwa na ruhusa ya kukagua kitu kimoja tu kwenye bastola, ningekagua hiyo. Bastola nyingi za plastiki za polisi zina triga ya kama kilo mbili na nusu. Bastola yenyewe ikiwa tupu haifiki gramu 800. Maana yake unavuta kwa kidole kimoja nguvu inayozidi uzito wa silaha nzima mara tatu, halafu unategemea silaha isisogee. Kwa polisi inafaa: hutaki triga nyepesi mtu akiwa na hofu na jasho. Kwenye mchezo ni mateso. Kanuni za Olimpiki za mita 25 zinataka triga isipungue gramu 1000, na Wamarekani kwa .22 wanataka isipungue ratili mbili, yaani gramu 900 hivi. Bastola za dukani za .22 huwa nzito kidogo kuliko hapo, na hiyo ni sawa kwa mwanzo. Unachotafuta ni triga isiyokwaruza, inayofika mahali ikasimama kama ukuta, kisha ikakatika bila kuburuzika. Usikubali yeyote aichezee kwa tupa nyumbani. Triga iliyolegezwa vibaya inaweza kufyatua yenyewe slaidi inapofunga.

Mkono wako nao una usemi. Ukishika mpini, mtutu uwe umenyooka na mfupa wa mkono wa mbele, na kidole cha shahada kiifikie triga kwa nyama ya pingili ya kwanza bila kuvuta mpini upande. Mama mmoja darasani kwangu alikuwa anapiga kulia kila mara, na kila mtu alikuwa na nadharia. Bastola ya mumewe ilikuwa nene mno kwa kiganja chake, basi. Alipobadilishiwa mpini mwembamba, matundu yakahamia katikati siku ile ile. Bastola kadhaa za shabaha zinakubali mipini ya kubadilisha, ya mbao au ya mpira, kwa hiyo uliza kabla ya kulipa. Uzito vilevile: chuma cha kilo moja na robo kinatulia vizuri, ila kama bega lako limechoka, tafuta mfano wenye mtutu uliovikwa alumini.

Majina? Ruger Mark IV, Browning Buck Mark na Smith & Wesson SW22 Victory ndizo ninazowaelekeza watu, na kati yao chagua inayokukaa mkononi. Tofauti zake ni ndogo kuliko mabishano yake. Ruger ilianza biashara kwa bastola ya aina hii mwaka 1949, na kwa miongo mingi kuifungua na kuirudisha kulikuwa adhabu. Nimeona watu wazima wakiileta dukani ikiwa vipande kwenye mfuko wa nailoni. Mark IV, iliyotoka 2016, inafunguka kwa kubonyeza kitufe. Ukiipata ya mtumba, angalia namba yake kwenye tovuti ya kampuni, maana zilizotengenezwa kabla ya Juni 2017 ziliitwa zirudi kiwandani kwa ajili ya marekebisho ya sefti, kile kizuizi cha usalama. Model 41 ya Smith & Wesson, inayotengenezwa tangu 1957, ni tamu sana na bei yake inauma. Iache kwanza.

.22 ina kasoro zake, nisiwafiche. Fataki yake, ile inayowasha baruti, imefichwa kwenye ukingo wa ganda, si katikati, na huweza kukosa kuwaka mara kwa mara kuliko risasi kubwa. Ikikataa, iache bastola ielekee kwenye shabaha, hesabu sekunde thelathini, ndipo uitoe. Kuna zinazowaka kwa kuchelewa. Ni chafu pia, inaacha nta na masizi kila mahali. Halafu bastola zake huchagua risasi: bastola mbili za namba zinazofuatana zinaweza kupenda risasi tofauti. Nunua boksi moja moja la aina kadhaa ujaribu, ukianza na zile za kasi ya kawaida, kama mita 325 kwa sekunde, ambazo haziifikii kasi ya sauti. Zile zenye maandishi makubwa ya kasi ya ajabu waachie wawindaji wa sungura. Hata hivyo boksi la .22 ni rahisi mno likilinganishwa na la milimita 9, na tofauti hiyo ndiyo itakayokulipia mazoezi.

Mazoezi ya kuvuta triga bila risasi nyumbani ni mazuri, ila kwenye .22 soma kwanza kijitabu cha bastola yako. Katika baadhi ya bastola pini hugonga ukingo wa chemba ikiwa tupu na kuuharibu. Wengi wetu tunaweka chembani zile nanga za plastiki za njano zinazotumika kushikia skrubu ukutani. Zinauzwa kwa mfuko, hela ndogo. Risasi za kweli ziwe chumba kingine kabisa.

Macho yakishapita miaka arobaini, kilengeo cha mbele kinaanza kuwa na ukungu. Hapo funga kilengeo cha umeme chenye nukta nyekundu, wala usione aibu. Kwenye mistari ya wafyatuaji wa Camp Perry vimejaa. Nunua bastola iliyokwisha kutobolewa mashimo ya kukifungia.

Suala la sheria nalitaja kwa kifupi, lakini ukilikosea linaweza kuharibu maisha yako hapa. Muuzaji mwenye leseni haruhusiwi kukuuzia bastola kama hujafika miaka 21. Utajaza Fomu 4473, ile ya serikali ya kununulia silaha, na jina lako litapitishwa kwenye ukaguzi wa FBI, polisi wa upelelezi wa shirikisho. Mkaazi wa kudumu mwenye kadi ya kijani anaweza kununua. Aliye hapa kwa viza ya masomo au ya matembezi kwa kawaida amekatazwa hata kuishika silaha, na hapo inaingia ya kukodi renji. Kuna misamaha michache kama leseni ya uwindaji, lakini muone wakili wa uhamiaji kabla hujagusa kitu. Usimnunulie mwenzako kwa jina lako kwa kuwa karatasi zake hazijakamilika. Hilo ni kosa la jinai la shirikisho, na udugu haukutetei mahakamani. Wala usifikirie kwenda nayo Mombasa au Mwanza likizo. Kuitoa Marekani kuna vibali vyake, na kuiingiza kule kuna sheria zake.

Kwenye bajeti tenga pesa ya sanduku la chuma lenye kufuli, miwani, na vya kuziba masikio. Hata .22 inapita desibeli 140, na sikio lililoharibika halirudi. Vaa kofia yenye ukingo na shati lililofungwa shingoni, maana ganda la moto likikudondokea kifuani utacheza ngoma ukiwa na silaha mkononi. Ukitoka renji nawa mikono na uso kwa maji baridi na sabuni kabla ya kula, na nguo zile usizikumbatishe watoto. Ni kwa sababu ya madini ya risasi, sumu inayoingia mwilini polepole.

Kabla ya kulipa, kodi. Renji nyingi za ndani zina .22 mbili tatu za kukodisha. Weka karatasi yadi kumi, egemeza mikono kwenye mfuko wa mchanga, fyatua tano polepole kwa kila bastola, kisha andika jina la bastola pembeni ya matundu. Usiangalie kama yako katikati. Hilo litarekebishwa kwa vilengeo. Angalia yamekaribiana vipi. Rudia kesho yake ukiwa hujachoka, kwa mpangilio tofauti, halafu zipange zile karatasi mezani na umwite asiyejua bastola ipi ni ya bei gani akuchagulie.