Dhoruba ya upepo inakuja? Kabla hujasambaza ile ramani ya zambarau, tuongee kidogo

Kila msimu wa dhoruba ukikaribia simu yangu haipumziki. Kuna kijana mmoja, mpenzi wa hali ya hewa kweli kweli, yule wa kulala baada ya ramani ya mwisho kutoka, siku moja alinitumia skrinshoti saa tisa usiku: duara la mgandamizo mdogo wa hewa limekolea zambarau, katikati pameandikwa 938, yaani mgandamizo kwa kipimo cha hektopaskali, na chini yake kaandika maneno mawili tu, "Mtaalamu, tumekwisha?" Nikaangalia tarehe ya ile ramani, ilikuwa ni ya siku ya tisa mbele. Nikamjibu, lala. Ramani iliyofuata, baada ya saa sita, lile duara lilikuwa limehamia mbali huko baharini na limepungua nguvu, na iliyofuata hiyo duara lenyewe halikuwepo, limeyeyuka kama barafu juani.

Simcheki, maana na mimi niliingia kwenye kazi hii ya utabiri kwa ugonjwa huohuo. Ila nilichojifunza mezani ni kwamba kuisubiri dhoruba kuna ufundi wake, na ufundi wenyewe ndo huu: kila siku inayosogea ina swali lake inaloweza kulijibu, ukiiuliza swali la siku nyingine itakudanganya bila aibu. Siku kumi kabla unaweza kuuliza tu kama anga limekaa kidhoruba, yaani mkondo wa jeti, ule upepo mwembamba wa kasi unaopita juu sana angani, una nguvu na umenyooka kuelekea upande wako. Siku tano kabla unaweza kuuliza kama kweli kuna mgandamizo mdogo utakaochimbika sana. Siku mbili kabla ndo unauliza nani atapigwa. Saa ngapi hasa? Hilo ni la siku ya mwisho, na hata hapo usiweke dau kubwa.

Kwa nini iwe hivo? Mwaka 1961 mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alikuwa anaendesha modeli yake ndogo ya anga, yaani hesabu za kuiga hali ya hewa, kwenye kompyuta, akataka kurudia sehemu ya hesabu, basi badala ya kuingiza 0.506127 akaingiza 0.506 kama ilivyochapwa kwenye karatasi, akaenda zake kunywa kahawa. Aliporudi hali ya hewa ya pili haikufanana kabisa na ya kwanza. Tofauti ya kipande kidogo hivo! Sasa fikiria sisi ambao bahari nzima tunaipima kwa satelaiti, maboya machache, meli na ndege zinazopita, tofauti zetu za mwanzo ni kubwa kuliko hiyo, na kila siku inayoongezeka zinazaana.

Ndo maana modeli kubwa haziendeshwi mara moja tu. Kituo cha Ulaya cha utabiri wa masafa ya kati, ECMWF, kinaendesha utabiri 51 sambamba, kila mmoja ukianza na tofauti ndogo ndogo, halafu unaangalia wangapi wanakubaliana. Hapa ndipo wapenzi wengi wanapojikwaa, wanafungua zile picha 51 wanachagua ile moja ya kutisha kuliko zote wanaizungusha nyekundu. Mimi naangalia mwelekeo. Kama leo asubuhi wanne kati ya 51 wana dhoruba, jioni tisa, kesho asubuhi ishirini, hapo nakaa wima kwenye kiti. Kama leo ni ishirini kesho ni sita halafu ni kumi na tano, najua modeli yenyewe haijui na mimi siwezi kujifanya najua zaidi yake. Na angalia zaidi ya modeli moja, zikiwemo hizi mpya za akili mnemba ambazo zinafanya vizuri kwenye njia ya dhoruba, ila ukali wa upepo wenyewe mara nyingi zinaupunguza.

Usidhani nasema modeli zikiyumba basi dhoruba haipo. Tarehe 26 Desemba 1999 dhoruba iliyoitwa Lothar ilipita Ufaransa, Ujerumani na Uswisi, ilikuwa ndogo kwa umbo, inakimbia juu ya mkondo wa jeti wenye nguvu isiyo ya kawaida, na modeli zilihangaika nayo mpaka karibu kabisa. Kesho yake ikaja nyingine, Martin, na kwa pamoja zikaua watu zaidi ya 100. Kwa upande wa pili kuna kimbunga Jobo cha Aprili 2021, kilielekea pwani ya Tanzania watu wakiwa roho juu, kikasambaratika kabla ya kufika. Pande zote mbili ni kazi ya anga lilelile, na mtabiri aliyetoa tahadhari kwa Jobo hakukosea kuitoa.

Turudi kwenye ile namba 938 iliyomnyima kijana wangu usingizi. Watu wanapenda sana namba ya katikati, kama alama za mpira. Lakini upepo hautokani na shimo kuwa na kina, unatokana na ukingo wa shimo kuwa mkali. Ile mistari ya isobari inayounganisha sehemu zenye mgandamizo sawa, ichukulie kama ngazi za kushuka kisimani: zikiachana unashuka taratibu, zikibanana unaanguka. Mgandamizo mdogo wa 940 uliotanda eneo pana katikati ya bahari unaweza kukupa upepo wa kawaida tu, na kadude ka 970 kenye isobari zimebanana upande mmoja kakang'oa mapaa. Kwahiyo ukipata ramani, wacha namba, hesabu mistari kati yako na jirani yako wa mbali.

Namba nyingine yenye maana ni kasi ya kushuka. Kwenye latitudo ya 60, mgandamizo ukishuka hektopaskali 24 ndani ya saa 24 wataalamu wanaita hiyo bomu, na ukiwa karibu zaidi na ikweta kiwango kinachohitajika ni kidogo, kwenye latitudo ya 45 ni kama 20 hivi. Kama una barometa nyumbani, hata hiyo ya ndani ya simu, andika kila saa kwenye karatasi. Ikishuka hektopaskali moja kwa saa, uwe macho. Ikishuka mbili tatu kwa saa, mfululizo, wacha kuandika kafunge madirisha.

Sasa kuna mnyama mmoja ambaye hata sisi alitupiga chenga kwa miaka. Usiku wa tarehe 15 kuamkia 16 Oktoba 1987 kusini mwa Uingereza kulipita dhoruba iliyoua watu 18 huko na kuangusha miti inayokadiriwa milioni 15, na mchana wa tarehe 15 mtangazaji wa hali ya hewa Michael Fish alikuwa amewaambia watazamaji wasiwe na wasiwasi na habari za kimbunga, kauli iliyomfuata maisha yake yote, maskini. Miaka baadaye mtaalamu wa hali ya hewa Keith Browning alichambua ile dhoruba akaonyesha kwamba kulikuwa na mkondo mwembamba wa hewa ulioshuka kutoka juu, kwenye ncha ya wingu linalojikunja kama mkia wa nge, mvua na barafu vikiyeyuka na kukauka ndani yake vikaipoza hewa ikazidi kuwa nzito, ikaporomoka hadi chini kwa kasi. Ndo akaipa jina la mwiba wa nge. Wanorwei walishakuwa wanauita mkia wenye sumu. Eneo lake ni dogo, mara nyingi halifiki hata kilomita 100 kwa upana, na unadumu saa chache tu, kwahiyo mji mmoja unasambaratika na mji wa pili wanaamka wanauliza kelele zilikuwa za nini. Ukiona kwenye picha ya satelaiti ule mkia unajikunja na ncha yake imekatika katika kama vidole, usisubiri modeli ikuthibitishie.

Na ile miti milioni 15, tusiuachie upepo peke yake lawama. Ilikuwa Oktoba, miti bado ina majani, kila mti ni tanga, halafu mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima ardhi imelegea mizizi haina pa kushika. Upepo uleule Januari, miti ikiwa mitupu, ungekuwa habari nyingine. Ndo maana huwa naudhika kidogo mtu akiniuliza "upepo kilomita ngapi?" bila kuuliza ardhi ikoje, majani yapo, na upepo unatoka upande gani, maana mti uliozoea upepo wa magharibi miaka sitini umejijenga upande huo, ukiupiga kutoka mashariki hauna ulinzi.

Kuhusu hizo kilomita pia tusichanganye mambo. Wastani wa dakika kumi ni kitu kimoja, mkupuo, yaani upepo wa ghafla wa sekunde tatu, ni kitu kingine, na mkupuo ndo unaobeba mabati. Dhoruba Éowyn iliyopiga Ireland tarehe 24 Januari 2025 ilivunja rekodi ya nchi iliyokuwepo tangu 1945, mkupuo wa zaidi ya kilomita 180 kwa saa, lakini wastani ulikuwa chini ya hapo sana. Ramani ikiandikwa mikupuo usiisambaze kama wastani. Halafu msukumo wa upepo unaenda kwa mraba wa kasi: kutoka 60 hadi 120 kwa saa sio mara mbili, ni mara nne. Hata kutoka 100 hadi 120, ambako wengi wanaona ni tofauti ndogo, mzigo kwenye ukuta umeongezeka kwa asilimia 44.

Kwahiyo ukitaka kusambaza, sambaza, sikukatazi, ila andika ni modeli gani, imeendeshwa lini, ni siku ya ngapi mbele, na wangapi kati ya wale 51 wanakubali. Ukikosa kimojawapo kaa nayo mwenyewe. Na tahadhari ya taasisi ya hali ya hewa ya nchi yako ikitoka, ibandike ilivyo, usiiongezee chumvi wala kuipunguza kwa sababu modeli unayoipenda imelegea jioni hiyo. Mtu anayesoma ni bibi anayetaka kujua kama aende hospitali kesho.

Saa 24 za mwisho, funga kompyuta kwanza. Ingiza ndani kila kitu kinachoweza kuruka, gari litoke chini ya mti, chaji simu na betri zote, maji yawepo. Usiende kupiga picha mawimbi, najua unataka, nami nilitaka, lakini wimbi linalokuchukua halifanani na yale kumi uliyoyahesabu ukiwa umesimama. Jenereta lisiwashwe ndani wala karibu na dirisha, ule moshi wake unaua watu waliolala baada ya upepo kupita, kimya kimya kabisa.

Na hapa kuna jambo linalowaponza hata wazoefu. Barometa ikigeuka ikaanza kupanda watu wanashangilia, wanasema yamepita, wanatoka kuangalia paa. Kumbe mara nyingi upepo mkali kuliko wote unakuja nyuma ya mgandamizo mdogo, wakati sindano inapanda haraka, na unakuja kutoka upande mwingine, kwahiyo ule mti ulioinamishwa usiku kucha upande huu sasa unavutwa upande ule na mizizi imeshalegea. Kwenye kimbunga cha tropiki ndo balaa zaidi, jicho likikupitia panatulia kabisa, hata ndege unaweza kuwaona, halafu ukuta wa pili wa upepo unaolizunguka jicho unafika.

Subiri mpaka sindano ipande taratibu na mikupuo ipungue kwa saa kadhaa. Hapo sasa toka na daftari. Kipima upepo chako kilichofungwa kwenye pembe ya paa siwezi kukiamini sana, kipimo rasmi kinachukuliwa mita 10 juu ya ardhi sehemu ya wazi, paa linakuza au linaficha. Lakini macho yako nayaamini. Kwenye skeli ya Beaufort, inayopima upepo kwa yale unayoyaona, vitawi kukatika ni namba 8, vigae kuanza kutoka ni 9, miti kung'oka ni 10. Niandikie mti wa aina gani, umeangukia upande upi, saa ngapi ulisikia. Yule kijana wa 938 mara ya mwisho alinitumia mistari mitatu ya namna hiyo, na ndo iliyonionyesha ule mwiba wa nge ulipita wapi, maana kituo chetu cha karibu kilikuwa kimekatika umeme.