Kushusha faili la barua pepe: kwa nini Outlook ya zamani hukataa PST ya toleo jipya

Kushusha faili la barua pepe ni kuchukua barua, anwani na kalenda zilizohifadhiwa na toleo jipya la programu na kuziweka katika muundo ambao toleo la zamani linaweza kuusoma. Kupandisha hakuna taabu, kwa kuwa watengenezaji wa toleo jipya huliwezesha kufungua mafaili ya matoleo yaliyotangulia. Kushusha ni kazi nyingine kabisa. Programu iliyotoka mwaka 2001 haiwezi kuujua muundo uliobuniwa mwaka 2003. Ndiyo maana kazi yote ya maana hufanyika kwenye kompyuta mpya, kabla faili halijawekwa kwenye fleshi.

Nchini Uganda haja hii haijaisha. Zipo ofisi za shule, parokia na vyama vya akiba ambako kompyuta ya mezani ya Windows XP bado inatumika kwa sababu programu ya hesabu iliyomo haikubali mashine nyingine. Kompyuta mpya ikianza kusumbua kwa umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu, au ikihamishiwa tawi jingine, karani hurudi kwenye ile ya zamani na barua zote hutakiwa zimfuate.

Outlook, programu ya barua pepe ya Microsoft, huweka data yake katika faili lenye kiishio cha .pst. Kinachowapoteza watu ni kwamba kiishio ni kimoja lakini miundo ni miwili. Outlook 97 hadi 2002 hutumia muundo wa ANSI, ambao ukubwa wake hauwezi kuvuka GB 2. Outlook 2003 ilileta muundo wa Unicode, wenye kikomo cha kawaida cha GB 20, na Outlook 2010 ikakipandisha hadi GB 50. Ukiangalia kwa nje mafaili hayo yanafanana. Tofauti imo ndani, mwanzoni kabisa mwa faili: namba ya toleo ni 14 au 15 kwa ANSI, na 23 au zaidi kwa Unicode. Outlook 2002 ikikuta 23, husema faili halipatani nayo na kuishia hapo. Kulibadilisha jina hakusaidii, na programu ya ukarabati ya scanpst haisaidii pia, kwa kuwa faili ni zima na hakuna cha kukarabati.

Faili la Unicode halibadilishwi likawa ANSI. Kinachowezekana ni kuunda faili jipya tupu la muundo wa zamani, kisha kunakili barua ndani yake kwa kutumia Outlook mpya, ambayo inaielewa miundo yote miwili. Katika Outlook 2003 na 2007, fungua menyu ya File, nenda New, halafu Outlook Data File. Dirisha litakuonyesha aina mbili. Chagua ile yenye maneno “97-2002” na ulipe faili jina linaloeleweka, kwa mfano barua-2008. Folda kuu mpya itatokea kwenye orodha ya kushoto. Shika folda unayotaka kwa kitufe cha kulia cha kipanya, iburute hadi kwenye folda kuu hiyo, achia, kisha chagua Copy. Usichague Move: umeme ukikatika katikati ya kuhamisha, utabaki hujui barua ipi iko wapi.

Wengine hupenda njia ya Import and Export. Inafaa, ila ina mtego unaowanasa wengi. Ukiiambia itoe data kwenye jina jipya, italiunda faili hilo kwa muundo mpya, na utakuwa umezunguka bure. Lazima uielekeze kwenye faili la 97-2002 uliloliunda tayari, na uweke alama kwenye kisanduku cha kujumuisha folda ndogo.

GB 2 hujaa haraka kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu picha na skani za risiti zilizoambatishwa ndizo zinazokula nafasi. Usijaze hadi ukingoni. Ishia GB 1.5. Faili la ANSI likifika kikomo linaweza kuharibika au kukataa kufunguka, na dawa iliyokuwepo ilikuwa kulikata kipande, yaani kupoteza baadhi ya barua. Ni heri uwe na mafaili matatu, kila moja na miaka yake. Toleo la zamani linaweza kuyafungua yote kwa pamoja.

Jambo la pili linalopotea ni herufi, na kwa Uganda hili si dogo. ANSI huandika maneno kwa jedwali moja la herufi la Windows, na jedwali la Ulaya Magharibi, ambalo kompyuta nyingi hulitumia, halina ŋ. Barua ya Kiganda yenye neno eŋŋaali kwenye kichwa chake, au jina la mtu lenye herufi hiyo, linaweza kufika likiwa na alama za kuuliza mahali pake. Kihindi na Kigujarati nayo huumia vivyo hivyo. Vichwa vya barua, majina ya folda na anwani ndivyo vya kuangaliwa kwanza. Barua zenye herufi hizo zihifadhi pia nje ya PST, kama PDF.

Kanuni za kupanga barua hazisafiri pamoja na data iliyotolewa kwa Export. Outlook 2003 na 2007 zinaweza kuzitoa peke yake katika faili la .rwz, na hapo pia uchague aina inayotaja toleo la zamani unalolilenga. Orodha ya watumaji waliozuiwa na mipangilio ya folda utaiweka upya kwa mkono.

Ukimaliza kunakili, bofya folda kuu mpya kwa kitufe cha kulia, chagua Close, kisha funga Outlook yenyewe. Faili likinakiliwa wakati programu bado imelishika, nakala huweza kuwa mbovu. Ukifika kwenye kompyuta ya zamani, litoe kwenye fleshi uliweke kwenye diski kuu kabla ya kulifungua. Ikiwa lilichomwa kwenye CD, litakuwa na alama ya kusomwa tu. Bofya Properties na uiondoe, la sivyo Outlook italikataa. Kisha tumia File, Open na uchague faili hilo la data.

Njia ya IMAP, ya kupandisha barua kwenye seva na kuzishusha upande wa pili, inavutia kwa kuwa haijali muundo wa faili. Lakini hugharimu bando mara mbili: GB 1.5 kwenda, GB 1.5 kurudi. Tena Windows XP ya kawaida haina TLS 1.2, yaani njia ya kulinda mawasiliano ya mtandaoni, na seva nyingi za leo hazikubali muunganisho ulio chini ya hapo.

Kwa wanaotumia Thunderbird, programu nyingine ya barua pepe, mzigo ni mwepesi. Barua zake hukaa kwenye mafaili ya mbox, ambayo ni maandishi matupu. Toleo la zamani linaweza kukataa wasifu (folda yenye barua na mipangilio ya mtumiaji) uliokwisha kutumiwa na toleo jipya, kwa hiyo usilazimishe. Unda wasifu mpya, nakili mafaili ya mbox kwenye Local Folders na uache yale ya .msf, ambayo ni faharasa tu za barua, kwa kuwa programu huyaunda upya. Kitabu cha anwani kitoe kando kama CSV.

Kabla ya kufuta chochote kwenye kompyuta mpya, linganisha idadi ya barua kwenye kila folda pande zote mbili, na fungua viambatisho vichache vya miaka tofauti. Idadi zikilingana, futa nakala iliyobaki kwenye fleshi. Barua za ofisi zina majina, namba za simu na habari za fedha za watu, na sheria ya Uganda ya mwaka 2019 ya ulinzi wa data na faragha inamwajibisha anayezishika.