Bata anayejifanya sungura: nilichokisikia kwa Mel Blanc

"Dada, huyu bibi na huyu mjukuu wake ni mtu mmoja. Tofauti yao ni kwamba mmoja amebanwa pua."

Fundi mitambo wangu aliniambia hivyo miaka kadhaa iliyopita, nikiwa ndani ya kibanda cha kurekodia na hedifoni kichwani, nimejiona mkali kweli. Lilikuwa tangazo la redio la sekunde 45 lenye wahusika watano, na mteja alikuwa na bajeti ya msanii mmoja. Nilikesha nikijiandaa. Bibi nikampa sauti ya kukwaruza, mjukuu ya juu, muuza duka nzito ya kifuani, na hao wawili waliobaki nikawagawia chenji. Kila mmoja alikuwa na kimo chake kwenye ngazi ya sauti, nikadhani kazi imeisha.

Fundi alikuwa sahihi. Sauti tano zilikuwepo, watu hawakuwepo.

Usiku ule nilirudi nyumbani nikaanza kumsikiliza Mel Blanc, Mmarekani aliyeigiza sauti za katuni, kwa masikio ya kazi, siyo yale ya mtoto aliyekaa kwenye mkeka mbele ya televisheni. Kama jina hulijui, sauti unazijua: Bugs Bunny, Daffy Duck, Porky Pig, paka Sylvester na kile kifaranga anachokiwinda, Tweety, Yosemite Sam mwenye masharubu, jogoo Foghorn Leghorn, panya Speedy Gonzales. Koo moja. Kwenye kaburi lake Hollywood wameandika kwamba alikuwa mtu wa sauti 1000. Hiyo 1000 ni hesabu ya wapiga debe, mimi hainihusu. Kinachonihusu ni kipande kifupi cha katuni ya mwaka 1951 iitwayo "Rabbit Fire", iliyoongozwa na Chuck Jones.

Mle ndani sungura Bugs na bata Daffy wanabishana mbele ya mwindaji Elmer Fudd kama huu ni msimu wa kuwinda sungura au wa kuwinda bata. Ubishi unapokolea wanabadilishana sura: Daffy anajivika usungura, Bugs anajivika ubata, na kila mmoja anaongea kwa sauti ya mwenzake ili mwenzake ndiye apigwe risasi. Funga macho usikilize hapo. Unachosikia ni bata anayejitahidi kuwa sungura: maneno ni ya sungura, lahaja ni ya sungura, lakini ile pupa ya bata imo. Halafu sungura akimwiga bata, ule utulivu wake haumtoki. Anaigiza hasira bila kukasirika. Wahusika ni wawili, sauti zimekuwa nne, mdomo ni mmoja.

Nimekirudia kipande hicho mara nyingi kuliko nitakavyokiri mbele ya mume wangu. Huwezi kukifanya kwa kupandisha na kushusha sauti tu. Lazima kwanza umjue bata kiasi cha kujua angekosea wapi akijaribu kuwa mtu mwingine.

Mtu wa namna hiyo anatoka wapi? Alizaliwa San Francisco tarehe 30 Mei 1908 akiitwa Melvin Jerome Blank, akakulia Portland, Oregon. Jina la ukoo kwa Kiingereza lina maana ya kitu kitupu, na mwenyewe alisimulia kwamba mwalimu mmoja alimwambia hatakuwa na maana yoyote maishani, atabaki mtupu kama jina lake. Akabadilisha herufi ya mwisho. Shuleni alipenda kucheka kwa nguvu kwenye korido ndefu ili asikie mwangwi unavyomrudia, na kicheko kile baadaye akamvisha kigong'ota Woody Woodpecker mwaka 1940. (Alipofungwa na mkataba wa studio ya Warner akamwacha kigong'ota, lakini kicheko kikaendelea kutumika bila yeye. Yeye na wenye katuni ile wakafikishana mahakamani, mwisho wakayamaliza kwa makubaliano.) Alipiga fidla, alipiga tuba, aliongoza bendi. Wanaoniuliza waanzie wapi kazi hii huwa nawaambia waanze na muziki, nao hudhani nawakwepa.

Shule yake hasa ilikuwa redio. Mwaka 1933 yeye na mkewe Estelle walianza kipindi kwenye kituo kimoja cha Portland. Hapakuwa na hela ya kuajiri waigizaji wengine, kwa hiyo Mel akawa kila mtu. Niliposoma hilo nilicheka peke yangu, maana mteja wangu wa sekunde 45 alikuwepo hata zama hizo.

Najua kuna watakaosema huku kwetu tulikuwa na Lufufu, mtafsiri wa filamu kwenye vibanda vya video, akiibeba filamu nzima peke yake. Namheshimu sana marehemu, lakini ile ilikuwa sanaa nyingine. Lufufu alisimulia, ulimwendea yeye, na filamu ikamfuata. Blanc alikuwa anajificha.

Alipohamia Los Angeles alibisha hodi mara nyingi kwenye studio ya Leon Schlesinger, iliyokuwa ikiwatengenezea Warner Bros. katuni, na kila mara aliambiwa na mtu yuleyule kwamba sauti zinatosha. Mtu huyo akafariki, aliyeshika nafasi yake akakubali kumsikiliza, na kazi ya kwanza aliyopewa ikawa ya fahali mlevi, katika katuni ya Porky ya mwaka 1937.

Mwaka huohuo akapewa Porky mwenyewe. Kijana wa Kiyahudi, mpe nguruwe! Sauti ya kwanza ya Porky ilikuwa ya Joe Dougherty, ambaye alikuwa na kigugumizi cha kweli. Kilimshika muda wowote kilipotaka, na filamu ikateketea kwa kurudia. Blanc alileta kigugumizi kinachotii. Alisimulia kwamba alikwenda kwenye shamba la nguruwe kuwasikiliza, akaona kama wangejaliwa kusema wangesema kwa kukoroma vipande vipande, na kukoroma huko ndiko alikokigeuza kuwa kigugumizi. Ukisikiliza kwa makini utagundua kile kigugumizi kina mapigo. Porky anakwama kwenye neno, anahangaika nalo, analitupa, anachukua neno lingine rahisi. Ni ngoma.

Niseme kidogo kuhusu ufundi, kwa sababu hapa ndipo wanafunzi wangu wengi wanapopotea. Daffy na Sylvester wote wana kitembe, na kwa asili ni karibu sauti ileile. Kilichowatenganisha ni mashine: sauti ya Daffy ilichezwa kwa kasi zaidi ya ile iliyorekodiwa, kama tulivyokuwa tukichezea kanda za kaseti utotoni. Porky na Tweety nao walipandishwa hivyohivyo. Sasa mtu anasikia hivyo anasema, kumbe ujanja wa mashine tu! Jaribu. Mimi nilijaribu kwa Kiswahili, nikaharakisha sentensi yangu, na "mbwa" akawa "bwa", "ng'ombe" akabaki "ombe". Ili neno lifike salama upande wa pili wa kasi, unatakiwa uliseme taratibu na kila konsonanti uipe nafasi yake, huku roho ya mhusika ikiendelea kukimbia. Mdomo unatambaa, moyo unakimbia. Bado sijaweza kwa zaidi ya sentensi tatu mfululizo.

Na ile karoti? Ilikuwa karoti kweli. Walijaribu mboga na matunda mengine, hakuna kilichovunjika sawasawa kwenye maikrofoni. Shida ni kwamba huwezi kutafuna, kumeza, kisha uendelee na mstari unaofuata bila kusimamisha kazi. Kwa hiyo Blanc alitafuna, akatema kwenye chombo kilichowekwa pembeni, akaendelea. Uvumi kwamba karoti zilimdhuru mwilini umezunguka miaka na miaka, na si kweli. Mimi navutiwa na chombo kile zaidi ya karoti. Mtazamaji anamwona sungura aliyetulia, anamsalimia mwenye bunduki kama jirani yake wa baraza moja, na nyuma ya pazia kuna mtu mzima anatema vipande vya karoti ili asichelewe mstari.

Redioni nako hakuacha. Kwenye kipindi cha mchekeshaji Jack Benny alikuwa mwalimu wa fidla, alikuwa dubu, alikuwa mtangazaji wa treni. Siku ambayo rekodi ya mlio wa gari bovu la Benny iligoma kucheza hewani, Blanc alisogea kwenye maikrofoni akawa gari lenyewe, anakohoa, anapiga chafya, anakata roho, anafufuka. Tangu hapo gari likawa lake. Kwa upande mwingine, Disney walimrekodi kama paka Gideon wa filamu ya "Pinocchio" ya mwaka 1940, kisha wakaamua paka awe bubu. Kilichobaki kwenye filamu ni kwikwi.

Tuje kwenye hela. Blanc alimwendea Schlesinger akitaka nyongeza ya mshahara, akanyimwa. Basi akaomba jina lake liandikwe mwanzoni mwa katuni, jambo ambalo waigizaji wa sauti hawakuwa nalo. Jina halikumgharimu bosi senti, akakubali. Kufikia katikati ya miaka ya 1940 jina la Mel Blanc lilionekana kwenye skrini, na simu za redio zikaanza kumiminika. Ninapenda sana hadithi hii, ila siimalizii hapo wanapoimalizia wengi. Elmer Fudd, yule mwindaji wa "Rabbit Fire", hakuwa Blanc, alikuwa Arthur Q. Bryan. Bibi mwenye Tweety aliwahi kuwa Bea Benaderet, baadaye June Foray, mwanamke ambaye kwangu uwezo wake unakaa jirani kabisa na wa Blanc. Miaka yote ile majina yao hayakuandikwa. Watu waliona jina moja, wakaamini sauti zote ni zake, na sifa ya mtu wa sauti 1000 kwa kiasi fulani ilijengwa juu ya migongo ya watu hao. Blanc alistahili jina lake. Wenzake nao walistahili yao.

Pengine nasema hivi kwa uchungu wangu. Niliwahi kumwingizia sauti ya Kiswahili mama mkwe wa tamthilia ya Kituruki, miezi na miezi, na jina langu halikutokea popote. Konda wa daladala alinisikia nikiomba kushuka akageuka kama ameona jini. Hayo ndiyo malipo yangu ya jina.

Tarehe 24 Januari 1961 Blanc aligongana uso kwa uso na gari lingine kwenye kona mbaya ya Sunset Boulevard, Los Angeles. Mifupa ilivunjika kila mahali, akapoteza fahamu kwa takriban wiki mbili. Ndugu na madaktari walimsemesha, kimya. Kisha daktari mmoja wa ubongo akaingia chumbani, na badala ya kumwita Mel akamuuliza Bugs Bunny anajisikiaje leo. Mgonjwa akajibu, kwa sauti dhaifu, kwa sauti ya Bugs. Daktari akamwita Tweety. Tweety naye akaitika.

Mashabiki hupenda kusema sungura alimwokoa. Mimi siendi huko. Ninachokiona ni mtu aliyemtamka sungura kwa zaidi ya miaka 20, akarudia, akarudia, mpaka sungura akapata makazi yake kichwani, mbali na jina la Mel na anwani ya Mel. Mlango mmoja ulifungwa, mwingine ulikuwa na mtu ndani.

Wakati huo alikuwa pia Barney Rubble wa "The Flintstones", katuni iliyokuwa haijamaliza hata mwaka hewani. Daws Butler alimshikia kwa vipindi vichache, kisha Blanc akaendelea mwenyewe akiwa amelala chali, mwili umefungwa plasta, maikrofoni imening'inizwa juu ya kitanda na wenzake wamemzunguka. Nimezisikiliza zile nikitafuta maumivu kwenye kicheko cha Barney. Sijayapata, na hilo linanitisha kidogo.

Alivuta sigara tangu utotoni karibu maisha yake yote, na mapafu yakaja kumdai. Mwaka 1988, akiwa na miaka 80, alirudi kwa wahusika wake wengi katika "Who Framed Roger Rabbit", lakini Yosemite Sam alifanywa na Joe Alaskey. Ule ukelele huchana koo hata la kijana. Alifariki tarehe 10 Julai 1989. Kwenye jiwe la kaburi kuna maneno yaleyale ya kufungia katuni, "That's All Folks". Baada yake wale wahusika waligawiwa watu wengi, kila mtu wake au wawili.

Wiki iliyopita nilimpa binti ninayemfundisha zoezi langu la "Rabbit Fire", ila kwa watu wetu: fisi anajifanya sungura ili aruhusiwe kuingia kisimani. Mara ya kwanza akatoa sungura mzuri sana. Nikamwambia huyu ni sungura, fisi yuko wapi? Mara ya pili akatoa fisi. Tukaenda hivyo, tano, sita. Mara ya tisa sungura alikuwa anaongea kwa adabu zote, anaomba maji kidogo tu, na katikati ya neno "kidogo" ukasikia mate yakimjaa mdomoni. Nikamtazama fundi kupitia kioo. Alikuwa amevua hedifoni, anacheka, huku anatuonyesha kwa mkono turudie: bodaboda ilikuwa imepita nje.