Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe: nilivyoijaribu injini mpya ya kusachi

Ami yangu ana gesti ndogo Mji wa Kale, vyumba sita juu, chini anakaa mwenyewe, na mimi ndo fundi wake wa saiti tangu mwanzo, manake kazi yangu ni hiyo, natengeneza tovuti za watu wa hapa Mombasa, gesti, maduka, wenye mashua za watalii, na kuhakikisha zinaonekana mtu akisachi. Sasa juzijuzi nikamwekea kwenye laptopu yake injini nyengine ya kusachi, yani ya kutafutia vitu mtandaoni kama Google, badala ya ile aliyoizoea, nikamwambia ami, itumie wiki mbili tu kisha tuzungumze. Wiki mbili hazikufika. Jioni ileile, kahawa yangu sijaimaliza, simu inalia.

"Mwanangu, hiki kitu chako hakijui gesti yangu."

"Umeandika nini, ami?"

"Nimeandika jina la gesti yangu! Yaniletea gesti ya Lamu. Lamu, mwanangu! Nirudishie kitu changu."

Mwanzo na mimi nikamwona ana haki. Nikajisemea hizi mpya ndo zilivyo, zina maneno mengi ya faragha lakini ukiziuliza kitu cha hapa nyumbani zinapotea. Lakini fundi ukishaambiwa kuna tatizo mkono haukai, nikafungua seva ya ami, ile kompyuta inapokaa saiti yake, kuangalia, na nilichokikuta ndicho kilichonifanya niandike haya. Kosa lilikuwa langu.

Kuna faili moja ya mistari michache inayokaa mlangoni mwa saiti, inaitwa robots.txt, ni desturi iliyoanzishwa 1994 na jamaa anaitwa Martijn Koster wakati roboti, yani programu za kukusanya kurasa, zilipoanza kuzisumbua seva za watu. Si kufuli, ni kama ile karatasi ya mlangoni iliyoandikwa "hapana ruhusa kuingia", mwenye adabu akiisoma anageuza, asiye na adabu anapita tu. Na mimi miaka hiyo nilikuwa nimeandika: Googlebot karibu, Bingbot karibu, hizo ni roboti za Google na za Bing ya Microsoft, wengine wote nje. Sababu ilikuwepo. Hosti, yani kampuni ya kutuwekea saiti, tuliyokuwa tunalipia ilikuwa ya bei ya chini, ina kikomo cha trafiki kwa mwezi, na roboti zisizojulikana zilikuwa zikiimaliza kabla mwezi haujaisha, nikaona khalas, nizifungie. Kisha, na hapa ndo aibu ilipo, nikawa naikopi faili hiyohiyo kwa kila mteja mpya bila kufikiria tena.

Kwa hiyo ile injini ilikuja mpaka Mji wa Kale, ikapiga hodi, ikasoma karatasi yangu, ikaondoka kwa adabu zake, na mimi na ami tukakaa kuisema eti haitujui.

Nifafanue kidogo hapa, manake watu wengi wanadhani ukiandika swali ile mashine inakimbia intaneti nzima sasa hivi kukutafutia. Hapana. Inatafuta kwenye faharasa yake ambayo imekwisha kuitengeneza, kama ile ya nyuma ya kitabu, neno fulani liko ukurasa fulani. "Karafuu" ina orodha yake ya kurasa, "Pemba" ina yake, ukiandika "karafuu Pemba" inachukua pale orodha mbili zilipokutana, halafu ndo inapanga upi uwe juu upi uwe chini. Ukurasa ambao roboti haikuufikia haumo, hata uwe mzuri vipi. Sasa kwenye logi, yani daftari za seva za nani kaingia, za saiti ninazozitunza Googlebot siikosi hata siku moja, Bingbot nayo ni mgeni wa mara kwa mara, lakini MojeekBot, ambayo ni ya kampuni ndogo ya Uingereza yenye faharasa yake yenyewe, yaja kwa nadra sana. Mdogo ana roboti chache na seva chache na bado sisi wenye saiti twamfungia mlango. Atajua vipi gesti ya ami?

Na si mlango tu. Kwenye kupanga matokeo, ile hesabu ya Larry Page na Sergey Brin ya 1998 ya kuhesabu linki kama kura watu wengi wanaijua, lakini kitu kingine kizito ni mibofyo, yani watu wakisachi kitu wanabofya nini na wanarudi au hawarudi. Kwenye kesi ya serikali ya Marekani dhidi ya Google, jaji Amit Mehta aliposema Agosti 2024 kwamba kampuni hiyo imehodhi soko la kusachi kinyume cha sheria, hukumu yake ilieleza kwamba data ya watumiaji ambayo Google inaipata kwa miezi 13 ni sawa na ya Bing ya zaidi ya miaka 17. Hebu fikiria, na hiyo ni Bing ya Microsoft, si vijana watatu na seva yao. Kesi hiyohiyo ndo ilionyesha kwamba mwaka 2021 pekee Google ililipa zaidi ya dola bilioni 26 ili iwe ndo injini inayokuja tayari kwenye simu na brauza za watu. Mtu akinunua simu hapo Digo Road hachagui injini, imeshachaguliwa, na baada ya miaka kumi anaita hayo mazoea yake ukweli.

Basi ukitaka kumjaribu mgeni, yani injini mpya, kwanza ujue ni mgeni kweli au ni mwenyeji, ile ya wakubwa, kavaa kanzu nyengine. Hapa ndo watu wengi wanachemka. DuckDuckGo, iliyoanza 2008, sehemu kubwa ya linki zake zinatoka Bing. Startpage ya Uholanzi inakuletea matokeo ya Google ikiwa imekuficha jina. Ecosia ya Ujerumani, wale wa kupanda miti, wamejenga miaka yote kwa matokeo ya wakubwa, na sasa wameshirikiana na Qwant ya Ufaransa kutengeneza faharasa yao. Si kwamba ni wabaya, faragha ni faragha, lakini ukisema "nimejaribu injini tatu na zote zinafanana" pengine umekula mahamri ya jiko moja kwenye meza tatu. Na mwenye kuazima yuko mikononi mwa mwenye nguo, mwaka 2025 Microsoft walifunga ile huduma ya kuwauzia wengine matokeo ya Bing kama walivyozoea, na wajenzi wadogo wakabaki wanahangaika. Wenye faharasa yao wenyewe ni wachache, Mojeek nimeshaitaja, na Brave Search iliyotoka 2021 na miaka miwili baadaye ikaacha kabisa kuegemea Bing. Hao ndo wageni wa kweli, na hao ndo wataonekana wanachechemea zaidi siku ya kwanza.

Siku ya kwanza ni mbaya kwa kila mtu. Wenye umri wa kutosha wataikumbuka Cuil, injini ya kusachi iliyotoka Julai 2008 ikiwa imejengwa na watu waliowahi kufanya kazi Google, wakajigamba wana kurasa bilioni 120, dunia nzima ikaingia siku moja kuandika majina yao wenyewe, seva zikalemewa, picha zikawa zinakaa pembeni ya habari za watu wengine kabisa. Mwaka 2010 ikafungwa. Siwatetei, wao ndo waliopiga ngoma kabla ya chakula kuiva. Lakini kile kipimo cha kuandika jina lako mwenyewe mara moja kisha kuhukumu, ndo kilekile alichotumia ami.

Mimi nilifanya hivi. Nikamweka mgeni kuwa ndo difolti, yani ndo anayejifungua mwenyewe, kwenye laptopu na kwenye simu, manake ukiiacha kwenye tabo ya pembeni hutaitumia, kidole kinajua njia yake. Halafu nikachukua daftari la kawaida, la mistari, na kila niliposhindwa kupata kitu nikarudi kwa ile ya zamani, nikaandika nilikuwa natafuta nini na ile ya zamani ilinipa au nayo pia ilishindwa. Hiyo sehemu ya pili watu hawaifanyi kabisa! Mgeni akikosa anaambiwa hafai, mwenyeji akikosa tunasema labda hicho kitu hakipo. Ukiwa DuckDuckGo au Brave kurudi ni rahisi, unaweka !g kwenye swali lako inakupeleka Google moja kwa moja, sasa adabu yake ni usiiweke kabla hujayaangalia majibu ya mgeni.

Kingine, niliuliza maswali ambayo jibu lake nalijua. Kebo ya SEACOM, ile ya intaneti ya chini ya bahari, ilianza kazi hapa Mombasa mwaka gani, 2009. Ngome ya Yesu iliingia orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO lini, 2011. Ukiuliza usichokijua utavutiwa na yule anayeongea kwa kujiamini, ukiuliza unachokijua unaona nani anasema kweli. Na nikamwomba binamu yangu anikopie matokeo matano ya juu ya kila injini kwenye karatasi bila nembo bila rangi, mimi nichague. Wallahi kwa maswali ya kawaida sikuweza kuzitofautisha, na mara mbili tatu nilichagua kwa kiburi kabisa nikiamini ni ile ya zamani, kumbe ni mgeni.

Ukisoma daftari lako baada ya wiki utaona kitu kingine, kwamba sehemu kubwa ya kusachi kwetu si kutafuta, ni kwenda pahala tunapopajua, mtu anaandika eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, anabofya eCitizen, kwa hilo injini yoyote inatosha. Hata ami, nusu ya maswali yake ilikuwa kufungua imeili.

Palipokuwa na tofauti ya kweli ni sehemu mbili. Ya kwanza ni vitu vya mtaani, duka la spea Kongowea linafungwa saa ngapi, fundi wa friji Bamburi, hapo mgeni alipigwa vibaya na sitamtetea. Lakini nikawa naandika kwenye ukurasa wake mbali, manake hiyo si kusachi ni ramani, wenye maduka wenyewe wamejisajili kule kwenye ramani ya Google kwa miaka na hawajajisajili kwengine.

Ya pili ni Kiswahili, na hapa nina donge langu, na donge hili linazihusu injini zote. Kompyuta zilifundishwa kutafuta maneno kwa Kiingereza, lugha inayobadilisha mkia, ndo maana ile njia maarufu ya Martin Porter ya 1980 inakata mwisho wa neno ili neno na ndugu zake wahesabiwe kitu kimoja. Sasa sisi tunabadilisha kichwa pia, si mkia tu! Anauza, wanauza, tuliuza, kikauzwa, muuzaji, mauzo, ukikata mkia tu kichwa kimebaki. Mteja anaandika "chumba cha kukodi", saiti imeandika "vyumba vinakodishwa", na mashine isiyojua kwamba hao ni baba mmoja inawapitisha bila salamu. Niliwahi kutafuta samaki wa kupaka kwenye injini moja nikaletewa chakula cha paka. Wakubwa wanaficha udhaifu huu kwa ile mibofyo, watu wameshabofya sana mpaka mashine ikajua kwa mazoea, si kwa sarufi. Mgeni hana hiyo mibofyo, kwa hiyo anaonekana mjinga wa Kiswahili kuliko alivyo, na njia ya kumsaidia ni kuandika neno kwa sura mbili, umoja na wingi, au kuongeza neno la mji. Ni kazi ndogo. Na sisi tunaoandika saiti tuandike sura zote mbili, mimi sasa nafanya hivyo kwa wateja wote, na imewasaidia hata kwa ile ya zamani.

Faida nyengine sikuitegemea, bando. DuckDuckGo wana ukurasa wao mwepesi, lite.duckduckgo.com, maandishi matupu, na siku bando limebaki la kuhesabika niko kwenye foleni ya feri Likoni, huo unafunguka wakati vyengine vinazunguka tu.

Ami nilimrudia baada ya kurekebisha faili. Nikamweleza ukweli kwamba ni mimi niliyemfungia mgeni mlango, akacheka mpaka akashika ukuta, akasema "kumbe wewe ndo askari wa mlangoni." Ilichukua siku kadhaa roboti kurudi, nikaiona kwenye logi saa tisa za usiku ikipita ukurasa kwa ukurasa, vyumba, bei, picha za baraza. Sasa ukiandika jina la gesti yake inatoka, ya pili, chini ya ile ya Lamu. Laptopu ameiacha na injini mpya, simu ameirudisha ya zamani kwa sababu ya ramani, wageni wanampigia wakiwa stesheni ya SGR Miritini na anataka kuwaelekeza. Juzi akanipigia tena, nikajua ni lawama.

"Mwanangu, hii gesti ya Lamu, mbona saiti yao nzuri kuliko yangu?"

Kwa hiyo wiki hii ni picha mpya za ami, na jioni napita faili za wateja wengine moja moja kuiondoa ile karatasi ya mlangoni. Zimebaki kumi na moja.