Homoni, Kumbukumbu na Umri wa Kuanza Tiba: Maswali Tunayoulizwa

Kukoma hedhi ni nini, na kwa nini mtu huanza kusahau?

Mwanamke huhesabiwa amekoma hedhi anapotimiza miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake. Estrojeni, homoni ya kike, hupungua, joto la ghafla na jasho la usiku huvuruga usingizi, na asiyelala husahau. Kwa wengi usahaulifu huo ni mwepesi na si mwanzo wa demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri.

Mama yangu ana miaka 68 na anasahau sana. Nimnunulie vidonge vya homoni?

Hapana. Tunaulizwa hivi mara kwa mara na watoto wenye nia njema, baadhi yao wakiwa wameshanunua vidonge kabla ya kuuliza. Utafiti wa Marekani uitwao WHIMS, uliotoa matokeo mwaka 2003, ulifuatilia wanawake 4,532 wenye miaka 65 na zaidi: miongoni mwa waliopewa estrojeni pamoja na projestini (homoni ya pili, inayolinda kizazi), 40 walipata demensia, na miongoni mwa waliopewa vidonge visivyo na dawa, 21. Idadi ni ndogo, lakini hatari ilikuwa takriban maradufu, kwa dawa iliyotarajiwa kuwalinda.

Hata kwa dozi ndogo, ili tujaribu tu?

Hapana. Mama wa umri huo asianzishiwe homoni kwa ajili ya kumbukumbu, iwe dozi ndogo au kubwa.

Je, akianza mapema, mara tu hedhi inapokoma?

Kumbukumbu haitaongezeka, ila hofu nayo ipungue. Utafiti wa KEEPS, uliowahusisha wanawake wasiozidi miaka 3 tangu hedhi ya mwisho, haukuona faida wala madhara kwa kumbukumbu baada ya miaka 4 ya tiba, na walipopimwa tena takriban miaka 10 baadaye hali ilikuwa hiyo hiyo. Anayeteswa na joto la ghafla anaweza kutibiwa kwa homoni, na wakati unaofaa kuanza ni kabla ya miaka 60 au ndani ya miaka 10 tangu hedhi ikome. Aliyeondolewa ovari zote mbili akiwa kijana, au aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40, ni suala jingine: huyo kwa kawaida hushauriwa kutumia homoni hadi karibu miaka 50, isipokuwa awe na sababu ya kumzuia.

Nitumie dawa za dada yangu? Zimemsaidia.

Dada yako huenda aliondolewa kizazi, nawe unacho. Mwenye kizazi akitumia estrojeni bila projestini hujiongezea hatari ya saratani ya ukuta wa kizazi. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi au damu kuganda kwenye mishipa, na anayetokwa damu ukeni bila sababu kujulikana, asiguse kabisa kabla ya kuonana na daktari.

Basi mama wa miaka 68 tumfanyie nini?

Mleteni hospitali, na msisubiri mwaka mzima mkisema ni uzee. Huo mwaka tunaouona ukipotea ndio unaotukera kuliko vidonge vyenyewe, kwa sababu shinikizo la damu, kisukari, tezi ya shingo isiyofanya kazi vizuri, upungufu wa vitamini B12, sonona, na hata dawa za usingizi anazomeza kila siku huweza kumsahaulisha mtu, na yote hayo yana matibabu. Njooni na dawa zake zote, za mitishamba zikiwemo. Akichanganyikiwa ghafla, mdomo ukapinda au maneno yakamkwama, mleteni saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.